Suruali Zilizomkaa Sawasawa

Fundi cherehani alitoka hospitali na kilo hamsini na nane, na daktari hakumficha: "Mzee, uvimbe wa saratani tumeutoa. Kazi iliyobaki ni yako. Ukishuka chini ya hamsini na mbili, tunakurudisha wodini na mrija unarudi tumboni." Mrija huo Fundi aliuogopa kuliko kisu. Wiki tatu alikuwa amelishwa kwa huo, mdomo ukikaa bure.

Kipande cha njia yake ya chakula kilikuwa kimekatwa, tumbo likavutwa juu hadi kifuani kuziba pengo. Kwa hiyo aliagizwa ale mara sita kwa siku, kidogo kidogo, kisha akae wima nusu saa. Mayai, maziwa, viazi vilivyopondwa na siagi. Si masharti magumu kwa mwenye watu. Lakini Fundi alikuwa mjane, binti yake yuko nchi ya mbali, na chumbani walikuwa wakitazamana yeye na cherehani yake. Kula mara sita peke yako, jamani, ni ajira kamili! Mlo wa kwanza alikula, wa pili akajikongoja. Wa tatu aliutazama mpaka maziwa yakafanya utando. Wa nne akasema atakula baadaye, na baadaye yake haikuwa na saa.

Kila Jumatatu mtaalamu wa lishe alimpigia simu.

"Shikamoo, baba. Vipi nguo, zinapwaya?"

"Marahaba, mwanangu. Zinanikaa sawasawa."

"Hongera! Endelea hivyo hivyo."

Wala hakuwa akidanganya, mzee wa watu. Aliyeshona miaka arobaini havumilii nguo inayopwaya. Suruali ikilegea kiunoni, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye sindano. Akaipunguza, akaivaa, akasahau. Mashati nayo vivyo hivyo. Wateja walisimama mlangoni, wakachukua nguo zao, wakamsifu: "Fundi, siku hizi unapendeza!" Naye akafurahi, mjinga yule.

Miezi miwili ilipotimia alikwenda kliniki. Mizani ikasema arobaini na tisa. Mtaalamu wa lishe akampandisha tena, ikasema vilevile. Akaitazama ile suruali iliyomkaa vizuri, akaupindua ukingo wake wa kiunoni, akakuta mishono imepandana.

"Baba, hii umeipunguza mara ngapi?"

Fundi akahesabu kwa vidole. "Tano. Nguo ikipwaya ni aibu, mwanangu."

Mtaalamu yule alipandwa na hasira, nyingine za kujikasirikia mwenyewe. "Ina maana hakuna hata mtu mmoja aliyekuambia umekonda?"

Marehemu mkewe angeliona hilo wiki ya kwanza, na mtaa mzima ungejua. Baada yake, Fundi alijaribu kumpata kichwani mtu mwingine wa kuliona, akamkosa. Upweke ulimuuma pale kwenye mizani kuliko ulivyowahi kumuuma nyumbani.

"Wanaangalia nguo," alisema.

Alilazwa mchana uleule. Akavishwa gauni la hospitali, pana, limening'inia mabegani, akapewa kitanda katikati ya wagonjwa wawili. Yule wa kulia, mzee asiye na meno, akajiinua kwa kiwiko, akamkagua toka juu mpaka chini.

"Ndugu yangu, mbona umekonda hivyo? Ulikuwa huli?"

Fundi akaketi kitandani, akaanza kulia. Kisha akamsimulia yote.