Magugu ya Shangazi

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani, na dirisha la duka lake lilitazama bwawa. Enzi hizo tukitoka shule tulijitosa humo hadi vidole vinyauke. Yeye alitupigia kelele bila kuacha kukanyaga cherehani: "Nyie vyura, tokeni! Mama zenu watanila mzimamzima!"

Mwaka mmoja mteja alimletea mmea wa majini wenye maua ya zambarau. Akauweka kwenye beseni pale mlangoni. Beseni lilipopasuka, aliona uchungu kuutupa, akaupeleka bwawani.

Baada ya misimu mitatu hatukuyaona maji tena. Magugu yalitanda ukingo hadi ukingo, samaki wakafa, na maji ya kuchota yakanuka uvundo. Mtaa ukaitisha kikao. Lawama zote zikamwangukia muuza samaki, eti ndoo zake ndizo zilizoleta mbegu. Maskini, aliapa hadi sauti ikamkauka.

Shangazi akasimama, tepu ya kupimia ingali shingoni. "Mwacheni mwenzenu. Magugu niliyatia mimi, kwa mkono huu."

Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Kisha mwashi akaangua kicheko: "Kumbe fundi! Umelishonea bwawa blanketi, na hata vipimo hukuchukua!" Kikao kizima kikacheka. Shangazi naye akacheka, machozi yakimtoka.

Jumamosi iliyofuata alikuwa wa kwanza kuingia majini, gauni kalifunga kiunoni. Muuza samaki akamfuata, akamshika mkono asiteleze. Tulivuta magugu kwa reki na kamba, tukayajaza kwenye magunia aliyoyashona mwenyewe, tukayaanika mbali, maana yakiachwa ukingoni mvua huyarudisha. Baada ya wiki mbili yalikuwa yamechipua upya. Wengine wakakata tamaa. Shangazi akasema tu, "Haba na haba," akapanga zamu, kila nyumba na siku yake.

Ilituchukua miaka miwili kuyaona maji. Magugu hayakwisha kabisa, na zamu ipo hadi leo. Magoti yalipomgomea, alihamishia kigoda ukingoni, akawa anakagua kila kilichong'olewa: "Mzizi uko wapi? Ukiacha mzizi, umepanda!"

Mara ya mwisho nilipomtembelea nilimkuta na muuza samaki, wazee wawili wameketi bega kwa bega, wakibishana kuhusu siku ile ya kwanza maji yaliwafika wapi. Muuza samaki anasema magotini. Shangazi anaapa yalikuwa kifuani.