Cheti cha Mdogo

Mdogo alifika Jumatano mchana. Akavua viatu mlangoni ingawa shemeji yake alimwambia apite navyo tu, akaketi kwenye ukingo wa kochi kama mgonjwa anayengoja kuitwa na daktari. Alikuwa fundi wa kutengeneza vyerehani, na mafuta ya mashine yalikuwa yameingia kwenye kucha zake tangu ujana yakakataa kutoka. Kwapani alibana bahasha ya kaki.

Kaka yake alipunguza sauti ya televisheni. Watu wa mjini walimwita Ngiri, mshambuliaji wa zamani, namba tisa. Jina hilo alipewa na mashabiki kwa jinsi alivyoinamisha kichwa akikimbilia mpira wa kona, utadhani anatafuta mtu wa kumpasua tumbo. Alikuwa amefunga mabao katika nchi tatu. Ukutani palikuwa na picha zake saba, na katika zote saba, jua likiwaka au mvua ikinyesha, alivaa jezi ya mikono mirefu.

"Karibu, bwana mdogo. Umekula?"

"Nimekula, kaka."

"Kila siku umekula. Mwaka huu hujaonja chakula cha kwangu hata mara moja."

"Ninakula sana kwangu, ni vile tu mwili huu mwembamba una siri."

Wakacheka kidogo. Kicheko kilipoisha, Mdogo akaanza kuipapasa ile bahasha.

"Kaka, nimekuja kwa ajili ya lile jina."

Ngiri hakuuliza jina gani. Alitazama televisheni, ambako watu wawili waliovaa tai walikuwa wakibishana bila kusikika. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa akiingoja sentensi hiyo. Ilikuwa imekuja kwa upole kiasi kwamba hakupata hata sababu ya kukasirika.

Mambo yalianza hivi. Ngiri alipokuwa na miaka ishirini na miwili alicheza timu ya mtaa, hana kazi, hana mbele wala nyuma. Akaja wakala mwenye koti la ngozi, akamwona akifunga mabao matatu kwenye uwanja wa vumbi, akamwita pembeni.

"Una miaka mingapi?"

Ngiri akataja umri wake wa kweli. Wakala akafunga daftari.

"Basi. Wanataka wa chini ya kumi na nane. Ungekuwa na kumi na saba ningekupandisha ndege mwezi huu."

Nyumbani kulikuwa na mtu wa miaka kumi na saba. Mdogo alikuwa amemaliza shule, amefaulu, na barua ya chuo cha ufundi ilikuwa juu ya kabati. Vyeti vyao vya kuzaliwa vilikaa pamoja ndani ya kopo la biskuti la mama. Mama alilifungua kopo lile, akakaa nalo mapajani muda mrefu, kisha akavitoa vyeti viwili na kuvibadilisha kama mtu anayebadilisha sahani mezani. Cha Mdogo akampa Mkubwa. Cha Mkubwa akampa Mdogo.

"Ni kwa muda tu," alisema. "Kaka yako akishafika huko tutarekebisha. Wewe una akili, mwanangu. Mwenye akili hakosi njia."

Mdogo alimpa kaka yake madaftari yake ya shule ili ajifunze kuiga saini.

Toka siku hiyo mama alipiga marufuku majina ndani ya nyumba. Aliogopa ulimi usije ukateleza mbele ya majirani. Akawaita Mkubwa na Mdogo, na wao wakazoea. Lakini chuo hakikuzoea. Mdogo alipokwenda kujiandikisha, cheti cha shule kilikuwa na jina moja na cha kuzaliwa jina jingine, wakamrudisha getini. Akaingia kwenye kibanda cha fundi vyerehani kufagia na kushika bisibisi, akabaki huko.

Ngiri alipanda ndege. Alifunga mabao kweli, hilo hakuna wa kumnyang'anya, lakini aliyafunga akitazama nyuma. Kwenye karatasi alikuwa kijana anayechipukia, wakati magoti yake yalikuwa ya mtu mzima. Daktari wa timu aliyapiga picha, akaitazama ile picha, akamtazama na yeye, akauliza kwa utani, "Haya magoti umeyaazima kwa mjomba?" Chumba kizima kikacheka. Ngiri naye alicheka, kisha akaenda kujifungia bafuni. Alinyoa ndevu mara mbili kwa siku. Siku aliyopewa tuzo ya mchezaji bora chipukizi alisimama jukwaani kati ya vijana wenye chunusi, akatamani sakafu ifunguke. Mikono mirefu nayo haikuwa mtindo, ingawa watoto wa mitaani waliuiga. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu, kutoka kiwiko hadi kifundo. Alimwagikiwa na maji ya moto akiwa na miaka miwili, na kila mtu wa mtaa wao wa zamani alijua kwamba aliyeungua ni yule wa kwanza kuzaliwa.

Hayo yote angeweza kuyameza. Jambo lililomkaa kooni lilikuwa jingine. Mwaka aliokuwa mfungaji bora, mtangazaji wa redio alimwuliza kama ana ndugu. Akajibu haraka, kama anavyopiga mpira bila kuutuliza: "Ninaye kaka yangu mkubwa, anatengeneza vyerehani." Kule kibandani redio ilikuwa wazi. Mafundi wenzake Mdogo waliisikia, na toka siku hiyo wakawa wanamwita Babu. "Babu, mbona mdogo wako ana upara na wewe nywele tele?" Mdogo hakuwahi kulalamika. Ngiri aliyapata hayo kwa mama, muda mfupi kabla mama hajafariki.

"Kiwanda cha nguo kinataka fundi mkuu wa mashine," Mdogo alikuwa akisema sasa. "Wamenijaribu, wamenipenda. Mashine mia na arobaini, kaka! Lakini kitambulisho na cheti cha shule havifanani. Wamesema nipeleke hati ya kiapo kutoka ofisi ya vizazi. Mwisho Ijumaa."

"Ijumaa hii?"

"Keshokutwa."

Ngiri akajipangusa uso. Jumamosi klabu yake ya zamani ingemtangaza kuwa kocha wa timu ya vijana wa chini ya miaka kumi na saba. Suti ilikuwa imeshatoka kwa dobi. Na kazi ya kwanza ya kocha huyo, katibu alimwambia, ingekuwa kuhakiki vyeti vya wachezaji, maana siku hizi watu wanadanganya umri bila haya.

"Jumamosi ikipita haiwezekani?"

"Ningeweza kuwaomba," Mdogo alisema. "Lakini wana mtu mwingine anayengoja."

Shemeji mtu, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, akasema, "Nenda naye." Maneno mawili tu, akarudi kwenye masufuria yake.

Alhamisi asubuhi wakaenda. Ofisi ya vizazi ilikuwa chumba kirefu chenye madawati ya mbao, kaunta yenye kioo kilichopasuka na kuzibwa kwa gundi ya karatasi, na watu wapata ishirini kwenye foleni. Ngiri alivaa kofia na kuishusha hadi kwenye nyusi. Haikusaidia. Karani, mtu mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba, alimwona kutoka mbali.

"Hapana! Macho yangu! Wewe si Ngiri wewe?"

"Ndiye," alijibu Ngiri, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa.

"Jamani, Ngiri huyu! Lile bao la kichwa la fainali! Mimi nilipasua meza ya watu siku ile! Pita huku, pita, nyota hapangi foleni."

Watu wakageuka, simu zikatoka. Karani akazunguka kaunta, akamkumbatia bega, akapiga naye picha. Mdogo alisimama pembeni ameshika bahasha, akimpisha kila aliyetaka kupita. Mwishowe karani akarudi kitini, akavaa miwani.

"Haya, shida ni nini? Na huyu mzee ni nani?"

"Ni ndugu yangu," Ngiri alisema.

Mdogo akatoa kitambulisho na cheti cha shule, akavipitisha chini ya kioo. Karani akasoma kimoja, akasoma cha pili, akamtazama Mdogo juu ya miwani. Uso wake ukabadilika.

"Nimeelewa. Mzee, ulisoma kwa jina la mdogo wako, siyo? Umri ulikupita, ukachukua cheti cha mtoto. Hukuona aibu? Ungemwharibia kijana maisha! Bahati yako Mungu alimpa miguu."

Foleni ikaguna. Mwanamke mmoja akasema, "Watu wana roho." Mdogo aliinamisha kichwa, akasubiri. Ngiri naye alisubiri. Alijua kabisa anachopaswa kusema. Maneno yalikuwa manne au matano, yamekaa nyuma ya meno.

"Lakini kwa heshima ya Ngiri nitakusaidia," karani akaendelea, akivuta fomu. "Unakiri tu kwamba ulitumia jina lisilo lako, unaweka saini, cheti cha shule kinatambulika kuwa chako kwa jina hili la kitambulisho. Kazi utapata. Nyota wetu haguswi popote. Sawa?"

Mdogo alimtazama kaka yake mara moja tu. Yalikuwa ni macho ya mtu anayetaka kujua kama atamsubiri mwenzake au aanze kutembea.

"Sawa," Mdogo akasema.

Karani akajaza fomu, akaisoma kwa sauti: "Mimi niliyetajwa hapo juu ninakiri kwamba nilichukua na kutumia jina la mdogo wangu bila haki..." Kisha akapitisha kalamu. Mdogo akaiegemeza bahasha kwenye kaunta ili apate mkono wa kuandikia. Mdomo wa bahasha ukafunguka, na Ngiri akaona ndani ukingo wa kadi ya rangi ya maziwa, iliyochakaa. Akaijua. Ilikuwa kadi yake mwenyewe ya kliniki, ya utotoni, kutoka kwenye kopo la mama.

Kumbe Mdogo alikuwa na ushahidi muda wote. Aliubeba kutoka nyumbani, akakaa nao kwenye kochi, akasimama nao hapa akitukanwa mbele ya watu, na hakuutoa.

Hapo ndipo Ngiri alipoona aibu ambayo hata jukwaani hakuwahi kuiona. Akanyoosha mkono akaizuia kalamu.

"Ngoja. Usiandike."

"Kuna nini, bingwa?" karani akauliza.

"Umemtukana asiyehusika. Mkubwa ni mimi."

Karani akacheka. "Acha masihara, bwana, kuna watu wanangoja."

Ngiri akatoa kadi kwenye bahasha, akaiweka chini ya kioo. Kisha akafungua kifungo cha shati na kupandisha mkono wa kushoto hadi kiwiko. Karani akasoma maandishi ya nesi, yaliyofifia: jina lilelile la kitambulisho cha Mdogo, mtoto wa kwanza, miaka miwili, ameungua mkono wa kushoto, kiwiko hadi kifundo. Akatazama tarehe. Akatazama kovu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena.

"Kwa hiyo mwizi wa jina..."

"Ni mimi. Yeye alinipa kwa kuwa mama alimwambia anipe. Alikuwa na barua ya chuo. Mimi nilijua, nikapanda ndege."

Simu moja ilikuwa bado imenyooshwa ikirekodi. Ngiri aliiona, hakuigeuzia mgongo. Yule mwanamke wa "watu wana roho" akasema polepole, "Makubwa."

Karani hakumwita tena bingwa. Akachana ile fomu, akatoa nyingine. "Unajua hii inakwenda makao makuu? Na chama cha mpira watapata nakala?"

"Najua."

"Weka saini. Jina lako la kweli."

Ngiri akainama. Saini ya jina la mdogo wake aliweza kuipiga akiwa usingizini, alikuwa ameiandika kwenye mipira na mashati ya watu elfu. Jina lake mwenyewe aliliandika herufi moja moja, kubwa, zenye kupinda, kama mtu aliyeingia darasa la kwanza jana. Mdogo alitazama pembeni ili asimwone.

Wakaambiwa wakae, hati itapigwa muhuri. Watu waliokuwa kwenye dawati walisogea, wakawaachia nafasi kubwa kuliko iliyohitajika. Ngiri akatoa simu, akampigia katibu wa klabu.

"Katibu, Jumamosi msinitangaze."

"Unaumwa?"

"Sijambo. Umri wangu si ule mlio nao."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

Simu ikakatwa. Ngiri akaiweka mfukoni, akabaki akitazama viatu vyake. Alitaka kumwambia mdogo wake neno, hasa kuhusu siku ile ya redio, lakini kila alilolipata lilikuwa dogo.

"Kaka," Mdogo akasema baada ya muda, "shusha mkono wa shati. Kuna baridi."

"Acha ukae hivyohivyo."

Muhuri ukagongwa mara mbili huko ndani. Karani akainua karatasi, akaliita jina kwa sauti, lote, la kwanza na la ukoo.

Ngiri akasimama. Mwili ulisimama wenyewe, kama ulivyosimama kwa jina hilo viwanjani na hospitalini kwa miaka ishirini na mitatu. Alikuwa ameshapiga hatua moja kuelekea kwenye kaunta alipokumbuka. Watu wote walikuwa wakimtazama. Akarudi nyuma, akaketi, akaweka mikono katikati ya magoti.

Mdogo akasubiri kwanza kaka yake akae vizuri. Kisha akainuka, akajifuta vidole kwenye suruali, akaenda kuitika.