Nembo Isiungue

Usimguse Nyundo kwa habari za Mwenyekiti wa klabu. Mtaa mzima ungekuonya hivyo kabla hujauliza njia ya kwenda karakanani kwake. Muuza magazeti wa pale kona alionywa, akapuuza. Alicheka, akasema basi la klabu limeonekana likibeba maharusi, limekodishwa, huku wachezaji wakibanana kwenye magari ya abiria kwenda mazoezini. Nyundo alikuwa nyuma yake na kikombe cha chai mkononi. Chai haikumwagika hata tone, maana ngumi ilitoka mkono wa pili, na muuza magazeti akatema jino juu ya ukurasa wa michezo.

"Andikeni na hiyo," Nyundo akamwambia, akamalizia chai yake.

Jamani, mtu wa namna hiyo unaishi naye vipi? Mkewe aliishi naye, tena kwa raha, ukiondoa siku za mpira. Nyumbani alikuwa mpole wa ajabu, anaosha vyombo, anambembeleza mtoto mpaka analala. Lakini ukimtaja Mwenyekiti kwa ubaya umewasha moto. Sababu alikuwa nayo. Mama yake alipofariki, na yeye hana mbele wala nyuma, Mwenyekiti alikuja msibani, akavua koti, akaingiza bega chini ya jeneza. Tajiri mzima, matope mpaka magotini! Tangu siku hiyo Nyundo hakutaka kusikia la mtu. Akawa mkuu wa makomandoo, wale wenye vifua wanaosimama mlangoni kwenye mikutano ya klabu na kuamua nani ana adabu na nani hana.

Kazi yake ilikuwa kuchomelea. Karakana ilikuwa kibanda cha mabati, mageti yameegemezwa ukutani, mashine inanguruma pembeni, na sakafuni vipande vya nondo ambavyo kila mgeni lazima ajikwae. Alifanya kazi na shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mrefu mwembamba aliyeitwa Miwani kwa sababu miwani yake ya kuchomelea haikutoka kichwani. Akienda sokoni, iko kwenye paji la uso. Wanasema hata siku aliyokwenda kuposa ilikuwa kwenye paji la uso, ndiyo maana alinyimwa. Miwani ndiye aliyemlea mke wa Nyundo baada ya wazazi wao kufariki. Alimpikia, akamsuka nywele vibaya, akampeleka shule. Na ndiye aliyepokea posa ya Nyundo, akasema, "Mdogo wangu nakupa, lakini hiyo mikono yako naiogopa."

Wote wawili walifanya kazi wamevaa jezi za klabu. Lakini kabla ya kuwasha mashine jezi lazima igeuzwe, ndani iwe nje, ili cheche zikiruka ziunguze upande usio na kitu na zisiiguse nembo. Sheria hiyo aliitunga Nyundo mwenyewe. "Nembo isiungue," alimwambia shemeji yake siku ya kwanza, kwa ukali, kana kwamba anazungumzia mtoto mchanga. Miaka ikapita. Wakawa wanageuza jezi bila kufikiri, kama mtu anavyofunga kamba za viatu, na hakuna aliyemwona mwenzake kuwa amegeuza.

Ubishi nao haukukoma. Miwani alikuwa na ulimi mtulivu ambao ulimchoma Nyundo kuliko matusi.

"Shemeji, mshambuliaji wetu ameuzwa nje. Hela ziko wapi?"

"Zimelipa madeni."

"Madeni ya nani? Kocha ametolewa hotelini na masanduku yake. Kipa hajalipwa mpaka anauza glavu. Na kwenye uwanja wa mazoezi mkwe wa Mwenyekiti anajenga kituo cha mafuta."

"Umeona hati?"

"Nimeona pampu!"

Nyundo alirusha koleo. Likapita sentimita chache kutoka sikioni mwa Miwani, likatoboa bati, na jua likaingia kupitia tundu. Wakaliangalia lile tundu wote wawili. Kisha Miwani akacheka, akashusha miwani yake, akaendelea na kazi.

"Shukuru wewe ni shemeji yangu," Nyundo alisema, akatoka nje kuliokota koleo lake.

Waliochoka na Mwenyekiti wakaanzisha kambi yao, wakaiita Geuza. Alama yao, unaijua? Kugeuza jezi. Ndani nje, kuonyesha kwamba klabu imepinduliwa matumbo. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Geuza walichoma moto ofisi ya tawi, viti na picha za mabingwa vyote majivu. Komandoo mmoja akapasuliwa shavu kwa chupa. Nyundo akawasaka wahusika, akamvunja mmoja mkono mlangoni kwao, mama yake akipiga mayowe. Miwani hakujiunga na upande wowote. "Mimi nageuza kwa ajili ya cheche," alisema. "Kwa hasira sigeuzi. Walete hesabu tusome, basi. Kuumizana kwa ajili ya hela za mtu mwingine ni wendawazimu."

Siku ile ya mkono uliovunjwa, mke wa Nyundo alikuwa amechutama mbele ya beseni, maji mekundu.

"Baba, nisikilize," alimwambia mumewe bila kuinua uso. "Nimefua damu za watu mpaka kucha zangu zinanuka. Ukirudi tena na damu ya mtu kwenye nguo, namchukua mwanangu nakwenda kwa kaka yangu. Na usije kunifuata, maana sitarudi."

Nyundo akaapa. Akaapa kwa kaburi la mama yake, na alikuwa anamaanisha, kwa sababu bila huyu mwanamke alijijua kwamba yeye ni mkono tu.

Ukaja mkutano mkuu wa wanachama, Jumapili mchana. Asubuhi simu ikalia. Mwenyekiti mwenyewe! "Kijana wangu," ile sauti nzito ikasema, "wanataka kunitoa kwa fujo. Nakutegemea wewe." Basi. Kiapo kikayeyuka pale pale. Nyundo akawakusanya makomandoo nyuma ya jengo la klabu, wa tawi lake na wa matawi ya mbali ambao hakuwajua wala hawakumjua vizuri, akawapa amri moja. "Sura msiangalie. Angalieni jezi. Iliyogeuzwa, piga."

Amri hiyo ilitoka kinywani mwake. Hakuna aliyemlisha maneno.

Kabla ya kutoka nyumbani alikuwa amefunga kipande cha nondo kwenye gazeti na kukitia ndani ya mkono wa koti. Alidhani mkewe hajaona. Alimwambia anakwenda kusikiliza tu. Mkewe akamwitikia vizuri, akasubiri apinde kona, akakimbia peku mpaka karakanani, ambako Miwani alikuwa anamalizia geti la mteja msumbufu.

"Kaka, kamtoe! Wewe anakusikia. Kamtoe kabla hajaua mtu!"

Miwani alizima mashine na kukimbia vile vile alivyokuwa, jasho linamtiririka, miwani kwenye paji la uso.

Ukumbini walikuwa wanaulizana hesabu. Mwalimu mmoja wa Geuza alisimama, mpole, kalamu mfukoni.

"Tunaomba mweka hazina atusomee mauzo ya mshambuliaji."

"Hesabu ziko kwa mkaguzi."

"Mkaguzi yuko wapi?"

"Amesafiri."

"Kwa basi la klabu?"

Ukumbi ukaangua kicheko, na Mwenyekiti, pale mezani, akamtazama Nyundo na kuinamisha kichwa kidogo. Kiti cha kwanza kikaruka kabla kicheko hakijaisha. Kilimpata yule mwalimu kifuani. Ikawa patashika nguo kuchanika! Meza zikapinduliwa, vioo vikapasuka, watu wazima wenye wajukuu wakang'atana kama mbwa. Mmoja alipigwa kwa kikombe cha ubingwa, kikombe kikabonyea. Nyundo aliivuta nondo yake akaingia katikati. Alipiga bega, likalegea. Akapiga goti, akasikia linavyosema. Raha ilimpanda, na tusidanganyane, ilikuwa raha, ile ya mtu anayejua kazi yake. Kila jezi iliyogeuzwa aliyoiona aliishushia. Mishono nje, piga. Mishono nje, piga.

Mtu mmoja akaja mbio kutoka mlangoni, mrefu, anapenya katikati ya watu, anaita kitu ambacho katika kelele zile hakikusikika. Jezi ndani nje. Alipompita, akiwa bado anageuza shingo kutafuta huku na huku, Nyundo alishusha nondo kwa nguvu zote ubavuni mwa kichwa. Ilitoa mlio mkavu. Mtu yule akaanguka kifudifudi kwenye ngazi, uso ukagonga ukingo wa saruji, na kioo kikavunjika.

Polisi wakafika na mabomu ya machozi. Mguu niponye! Kila mmoja akatafuta dirisha lake. Nyundo naye aliruka, akatua, kisha akasimama. Kile kioo. Binadamu akianguka halii kioo. Akarudi ndani ya moshi, macho yanamwasha, akamgeuza yule mtu chali.

Miwani ilikuwa imevunjikia usoni. Kipande kimoja cha kioo kilikuwa kimesimama ndani ya jicho la kushoto.

"Shemeji," Miwani alisema, taratibu kama kawaida yake. "Kanituma mdogo wangu. Twende nyumbani."

Nyundo alimbeba mgongoni mpaka hospitali, analia kwa sauti barabarani kama mtoto aliyepotea, na watu wakampisha wakidhani ni moshi. Daktari alitoka na kusema kichwa kitapona, lakini jicho limekwenda. Na hilo la pili asilisogeze tena karibu na moto wa kuchomelea, akitaka kubaki nalo.

Mke alipofika akamkuta kaka yake amefungwa bandeji usoni, limeachwa jicho moja na mdomo.

"Geti limeniangukia," Miwani alisema, kabla hajaulizwa. "Nilikuwa natoka kumfuata mumeo, nikajikwaa kwenye nondo zake, likanishukia. Yeye ndiye aliyeniokota."

Mwanamke akamgeukia mumewe, akamshika ile mikono yote miwili, akaibusu. "Mungu akubariki," alisema. Nyundo alifungua mdomo. Alimtazama shemeji yake, na lile jicho lililobaki likamwashiria anyamaze. Akanyamaza. Damu kwenye jezi yake ilikuwa na maelezo sasa, na mkewe aliifua bila kinyongo, akaigeuza ndani nje kama alivyozoea, akaianika.

Siku chache zikapita. Redioni wakatangaza kwamba Mwenyekiti na kiongozi wa Geuza wamekaa hotelini, wakala, wakapeana mikono. Kiongozi wa Geuza amepewa kiti cha makamu. Klabu ni moja, walisema, yaliyopita yamepita. Hesabu hazikutajwa. Nyundo alizima redio. Akakaa anaitazama mikono yake mpaka mkewe akamuuliza kama inamuuma.

Alasiri hiyo, mkewe akiwa amejitanda khanga, kapu la chakula cha mgonjwa mkononi, kelele zikasikika uani. Wanaume watatu, makomandoo wa tawi la mbali, wamekuja wanaimba na jezi mpya mabegani. Ndiyo desturi yao. Fujo zikiisha wanakwenda nyumbani kwa aliyepiga pigo la siku, wanamwimbia mbele ya familia yake.

"Shemeji, tupishe, tumekuja kumpongeza mwanaume!" mmoja alimwambia mke wa Nyundo. "Una bahati wewe! Huyu mumeo hatujui kama unamjua!"

"Tokeni," Nyundo alisema.

"Acha unyenyekevu, bwana! Shemeji, tazama." Yule mtu akachukua fagio lililoegemea ukutani, akalishika kama nondo. "Jamaa kaja mbio, jezi kageuza, mrefu huyo! Na limiwani sijui la nini kichwani. Mumeo kamwacha apite kidogo, halafu moja tu. Pa! Hakuomba hata maji!"

Wakacheka wenyewe. Kapu la chakula lilishuka chini polepole.

"Miwani ya namna gani?" mke aliuliza.

"Hii ya mafundi. Ya kuchomelea."

Alimtazama mumewe. Aliona yote pale usoni, maana Nyundo hakujua kuuficha uso wake hata siku moja. Akalichukua lile fagio kutoka mkononi mwa mgeni, taratibu, na akampiga nalo mumewe usoni. Akampiga tena. Mpini ukampasua nyusi, damu ikamziba jicho, naye hakuinua mkono kujikinga. Makomandoo walirudi kinyumenyume mpaka ukutani. Alimpiga mpaka mpini ukakatika, kisha akaendelea na kipande kilichobaki.

"Nilimtuma mimi!" alipiga kelele. "Nilimtuma aje kukuokoa wewe! Mimi!"

Mtoto aliamka ndani na kuanza kulia. Aliingia, akatoka naye mgongoni, amefungwa vizuri, na kapu akaliokota. Langoni akasimama, akarudi mpaka kwenye kamba ya nguo. Ile jezi ilikuwa imekauka, bado ndani nje. Aliitoa, akaigeuza, akaikung'uta, na akaiweka mapajani mwa mumewe aliyekuwa amekaa chini, kifua cha jezi kikiwa juu.

"Tazama," alimwambia. "Nembo yako haikuungua."

Kisha akaenda kumlisha kaka yake.