Nyongo ya Kolekole

Baba alifundisha habari za malaika kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa katekista kijijini Mkange, na kutoka hapo alikwenda kwa baiskeli kwenye vigango vya jirani, katekisimu ikiwa imefungwa kwa mpira nyuma ya kiti. Sisi watoto wake tuliyajua majeshi ya mbinguni kabla hatujaijua mikoa ya nchi. Tulihesabu kwa vidole: Maserafi, Makerubi, Wenye Enzi, mpaka makundi tisa yakaisha. "Na kidole cha kumi?" aliuliza. Tukajibu kwa pamoja, "Ni mimi ninayelindwa!"

Macho yake yalipoanza kufifia, mama alikwishafariki. Nikamleta kwangu Bagamoyo, ninakofundisha shule ya msingi. Daktari wa macho, huko Dar es Salaam, alisema ni presha ya macho na kwamba tumechelewa. Jicho la kulia lilikuwa limekufa. La kushoto lilibaki na mwanga kidogo. Aliliona dirisha, na mtu akipita mbele yake aliona kivuli. Tukapewa matone ya kulinda hicho kilichobaki.

Wiki chache baadaye Baba akaanza kuniomba nimsomee kisa cha Malaika Rafaeli. Ni kisa cha mzee mwema aliyepofuka. Mwanawe akasafiri mbali pamoja na mwenzake, bila kujua kuwa ni malaika, na malaika huyo akamwambia atunze nyongo ya samaki waliyemvua njiani. Kijana aliporudi nyumbani akampaka baba yake machoni, na mzee akaona. Mume wangu ni Mlutheri, na katika Biblia yake kitabu chenye kisa hicho hakimo. Mimi nilikisoma katika Biblia ya Baba, kila siku nikitoka shuleni, bila kuelewa anachokitafuta. Mpaka siku moja aliponishika mkono nikiwa katikati ya sentensi.

"Niletee nyongo, mama."

Huniita mama anapobembeleza.

"Baba, hicho ni kisa."

"Mimi siombi muujiza. Naomba dawa. Malaika aliitaja dawa kwa jina lake."

Nikakataa. Akaacha kula. Hakugoma kwa maneno, alikuwa anakisukuma tu kibakuli mpaka kinagonga ukuta. Nikimtia matone alifumba macho, dawa ikamwagika shavuni. Siku ya nne nikamkuta amesimama dirishani, uso ameubandika kwenye nondo. "Dirisha linaondoka," alisema. "Jana lilikuwa kubwa kuliko hivi." Akalia. Sikuwahi kumwona baba yangu akilia, hata tulipomzika mama.

Jumamosi asubuhi nikaenda soko la samaki. Nikamkuta mama mmoja mtu mzima, kilemba kichwani, akipara kolekole. Nikamwamkia na kumweleza shida yangu.

"Nyongo? Sisi twaitupa," alisema. "Ya mganga?"

"Ya baba yangu. Haoni. Kwenye Biblia kuna malaika, Rafaeli, aliagiza."

Akatikisa kichwa. "Mie namjua Jibrili, namjua Mikaili. Huyo simjui." Akaitoa nyongo taratibu isipasuke, akaitia kwenye kichupa, lakini hakukiachia. "Nisikilize, mwanangu. Hii ikiingia kwenye mchubuko wa kidole changu, naruka. Jicho ni laini kuliko kidole. Usimtie mzee wa watu."

Nikamwambia sitamtia. Nadhani wakati huo nilikuwa nasema kweli.

Nyumbani Baba alikuwa barazani, ananingoja, amevaa shati lake la Jumapili. Alikuwa amenyoa ndevu kwa kupapasa na kujikata mahali pawili. Nilipoiona ile damu kavu kidevuni, nguvu za kukataa zikaniisha. Mimi ni mwalimu. Nafundisha sayansi, nawaambia watoto wanawe mikono. Nikachovya pamba kwenye nyongo, nikamfunua ukope wa jicho la kushoto, nikapaka.

Hakupiga kelele. Alinikamata kifundo cha mkono mpaka vidole vyangu vikafa ganzi, midomo ikicheza, akimwita Rafaeli, Rafaeli. Nikakimbilia maji, nikamwosha, nikamwosha tena. "Unaona nini, Baba?" nilikuwa nauliza kama mwendawazimu. "Unaona nini?"

"Moto," akasema.

Jumatatu jicho lilikuwa limevimba na linatoa usaha. Tukapanda basi kwenda Dar. Daktari alilitazama kwa taa yake, kisha akanitazama mimi.

"Nani kamtia kitu hapa?"

Nikafungua mdomo. Baba akanitangulia.

"Nilijipaka mwenyewe, dokta. Binti yangu alikuwa shuleni."

Mtu huyo alituchapa utotoni kwa uongo wa embe moja. Nami nilisimama pale nimeshika fimbo yake, nikaacha uongo wake ukae.

Alilazwa siku tisa. Usaha ulikoma, lakini mwanga haukurudi, hata ule wa dirisha. Daktari alisema labda ungeondoka hata hivyo, baada ya mwaka au miwili. Ile "labda" ndiyo ninayolala nayo. Nilikwenda kuungama, padri akaniondolea dhambi kwa upole, nikatoka kanisani na uzito uleule.

Baada ya kurudi nyumbani nilimuuliza Baba kwa nini alinikingia kifua.

"Niliyekutuma ni mimi," alisema.

"Uliamini kweli?"

"Mpaka iliponigusa. Kisha nikajua kwamba sikutumiwa mtu." Akageuzia uso ukutani. "Malaika hutumwa, mwanangu. Haitoshi kuwajua majina."

Siku hizi hataki nimsomee. Anasali peke yake, kwa sauti ndogo, na jina la Rafaeli sijalisikia tena. Mimi kila asubuhi namsafisha macho yote mawili kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, maana bado yanatoa tongo. Jua linakuwa limeshapanda, limempiga usoni, limepasha moto hadi kiti alichokalia.

"Kumekucha?" ananiuliza.

"Kumekucha, Baba," namjibu, na kumfuta.