Jeanne Anatafuta Uwanja

Mke wangu Jeanne hanunui kitu bila kukinusa. Unga ataunusa, mawese atayanusa, na nadhani hata mimi alininusa kabla ya kunikubali. Kwa hiyo mwaka huu, aliposema sasa tunatafuta nyumba ya kununua, nilijua pikipiki yangu itakoma. Kila siku, akimaliza kuuza mandazi yake sokoni, alipanda nyuma yangu tukaenda kunusa nyumba za watu, mtaa wote wa Mikelenge hapa Kindu.

Alikuwa na namna yake. Anaweka kiganja ukutani, anavuta pumzi, kisha anaomba ruhusa ya kuacha chumvi kidogo juu ya jani la mgomba kwenye kona ya chumba. Kesho yake tunarudi. Chumvi ikiwa imeloa, basi nyumba ile ina unyevu na Jeanne hataki kuisikia tena. Wauzaji walimcheka. Nami nilimwambia mchagua jembe si mkulima, akanijibu kwamba yeye hatafuti jembe.

Alichotafuta hasa hakikuwa hata nyumba. Nyumba ilikuwa nyongeza tu. Jeanne alitaka uwanja.

Hapo lazima nieleze. Miaka ya vita, mji ulipozingirwa, mashamba hayakuendeka, na sisi tuliokuwa ndani ya Kindu tulikula matembele mpaka tukachoka kuyatazama. Mama yake Jeanne akaugua kipindi kile, akafa. Tulikuwa wapangaji. Mwenye nyumba akasema kilio hakitaki kwake, wapangaji wengine watahama, kelele zitawavuta askari, sijui nini na nini. Tukatandika mkeka kando ya barabara. Watu walikuja wakakaa, na hata jua halijashuka vizuri risasi zikaanza kulia upande wa mto, kila mtu akashika njia yake. Mkeka tuliuacha palepale. Matanga ya mama mkwe wangu yakaishia hapo.

Tangu wakati ule tumehama nyumba baada ya nyumba, na kwa kila mwenye nyumba mpya swali la kwanza la Jeanne ni lilelile: mtu akifa, watu watakaa wapi? Wenye nyumba hawalipendi swali hilo. Mimi pia silipendi, maana huwa ananitazama mimi akiliuliza.

Sasa, hapa kwetu kuta nyingi zimeandikwa kwa rangi kwamba nyumba hii haiuzishwe, ili ndugu mmoja asije akaiuza wenzake wakiwa safarini. Ukikuta ukuta unaosema kinyume chake, unasimama. Huo tuliokutana nao uliandikwa: NYUMBA YA KUUZISHA. MAJI IKO. Jeanne alinipiga begani nisimamishe pikipiki. Katika mji huu, mtu akikuambia maji yapo amekupa nusu ya nyumba. Tulidhani ni bomba, au angalau kisima.

Mwenyewe aliitwa Djuma, mtu mpole, amerithi kwa baba yake. Akatupeleka nyuma. Maji yalikuwepo kweli. Uwanja ulikuwa mpana, wa kukalisha ukoo mzima, na wote ulikuwa umelala chini ya maji. Bata wa jirani walikuwa wanaogelea bila wasiwasi. Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta, na ukuta nao ukanilowesha shati. Djuma alisema yeye hapendi kudanganya watu, ndiyo maana ameandika. Jeanne hakucheka. Aliutazama uwanja ule kwa huzuni, halafu akaacha chumvi yake chumbani, kwa heshima tu.

Njiani kurudi nilijua kaumia. Nilijaribu kumtania kuhusu bata, nikaona bora nifyate ulimi.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi tulirudi, yeye akiwa amekwisha kupanga maneno ya kukataa kwa adabu. Tukiwa bado barabarani tukasikia watu wanalia. Uwanja wa Djuma ulikuwa umejaa. Wengine wamekaa juu ya matofali, wengine juu ya mbao, miguu yote ndani ya matope. Djuma alitueleza kwa sauti ya chini. Joël, fundi cherehani anayepanga katika nyumba ya upande wa bondeni, amefiwa na mama yake. Mwenye nyumba wake, mtu anayeitwa Papa Jérôme, amekataa kilio.

“Lupango yangu iko mubaya, mama,” Djuma alisema, kama anayekiombea msamaha kiwanja chake. “Lakini watu wakae wapi?”

Jeanne alimtazama. Yale maneno aliyoyapanga sikuyasikia mpaka leo. Chumvi yake hakwenda hata kuiangalia. Alivua viatu, akapandisha kitenge mpaka magotini, akauliza jembe liko wapi. Wanaume waliokuwa wamekaa waliona aibu, wakainuka, nami nikainama nao, ingawa nilikuwa na suruali safi. Tulichimba mfereji kando ya ukuta kufuata mteremko. Kwenye kona ya chini jembe likagonga tofali. Palikuwa na kanivo ya zamani, mfereji wa matofali wa wakati wa baba yake Djuma, na mdomo wake umezibwa kwa mawe na udongo. Papa Jérôme aliuziba alipojenga vyumba vyake vya kupangisha. Djuma alikuwa anajua, na kwa upole wake alikuwa amenyamaza, akaamua kuuza.

Tulipolitoa jiwe la mwisho, maji yalianza kuondoka. Uwanja ukaanza kujitokeza kidogo kidogo, na watu wakasogeza mbao zao katikati.

Papa Jérôme hakuchelewa kufika, mwavuli mkononi, maji yakiwa yanapita chini ya madirisha yake. Aligomba. Akauliza ni nani mwenye lupango hii aliyeruhusu watu wachimbe. Djuma alitazama miguu yake. Kilio kikapungua, watu wakageuka.

“Ni miye,” Jeanne alisema, matope mpaka kwenye viwiko. “Na hapa njo njia ya maji tangu zamani. Weye njo uliifunga. Kama unataka kushitaki, enda ushitaki, utatukuta tunakaa hapa.”

Papa Jérôme alinitazama mimi, mwanaume mwenzake, apate msaada. Nilimwonyesha jembe. Akaondoka akinung'unika.

Djuma alininong'oneza akiuliza kama nimesikia alichosikia yeye. Nikamwambia mwanamke huyu akisema, imekwisha kununuliwa, bei tutazungumza wafiwa wakiondoka. Nilikuwa na furaha, na nikaogopa kuionyesha mahali pa msiba.

Nilimtafuta Jeanne ili nimwambie akanawe. Alikuwa amekaa kwenye ubao pamoja na dada zake Joël, ambao hakuwahi kuwaona hata siku moja. Alikuwa analia kwa sauti, anamwita mama yake kwa jina. Wale dada hawakumuuliza huyo ni nani. Walisogea wakampa nafasi, wakalia naye.