Siku Niliyosugua Shokapu za Mume Wangu

Mume wangu ana kigari cha mbio. Hakina milango, hakina taa, kina bawa kubwa juu kama meza iliyopeperushwa na upepo, na kinazunguka kwenye udongo mpaka sisi watazamaji tunarudi nyumbani Landover, huku Marekani, na mchanga kwenye meno. Jumamosi zangu zimeishia huko tangu nikiwa na mimba.

Chama chao ni cha watu wa mishahara ya kawaida: madereva wa lori, mafundi wa mabomba, na yeye wa bohari. Ili gharama zisiwashinde, wana sheria moja tamu. Ukimaliza katika tatu bora, dereva yeyote mliyeshindana naye anaweza kununua shokapu zako hapo hapo kwa bei ndogo iliyopangwa, bei ya kiti cha mtoto cha kwenye gari. Huwezi kukataa. Kwa hiyo mwenye akili hafungi kitu ghali.

Mume wangu akafunga. Shokapu nne za rangi ya dhahabu, kwa pesa tuliyoweka ya karo yangu ya unesi, na mwisho wa kulipa ulikuwa wiki iliyofuata. Nilimkuta kwenye maegesho anazipulizia rangi nyeusi.

"Hiyo rangi ni ya nini?"

"Zisishike kutu, mama."

"Shokapu mpya zinashika kutu?"

"Wewe hujui mambo ya magari."

Sawa. Sijui magari. Najua sufuria.

Jumamosi, alipoenda mkutano wa madereva, nilifunga mtoto mgongoni, nikatoa waya wa kusugulia sufuria, nikapiga magoti kwenye udongo. Rangi ilibanduka kama ukoko wa ugali. Nilisugua kwa hasira mpaka zikang'aa kuliko viatu vya mchungaji wetu.

Wapinzani wakaanza kupita. Mzee mmoja wa ndevu nyeupe, bingwa wa huko, aliinama, akapiga mluzi, kisha akamkumbatia mume wangu aliporudi.

"Braza, leo nakuombea ushinde."

"Mimi? Kwa nini?"

"Nimekuja na pesa taslimu!"

"Hata mimi," akasema mwingine, akijipigapiga mfuko.

Mume wangu akatazama ile dhahabu, kisha akanitazama mimi.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimezisafisha, baba. Zisishike kutu."

Muda wa kuzifungua haukuwepo, magari yalishaitwa. Alianza wa pili nyuma ya yule mzee, na kwenye kona ya kwanza mzee akapanua njia, karibu, pita. Mume wangu akakataa kupita. Wa tatu naye akapunguza mwendo nyuma yake kwa heshima zote. Ikabidi mtu wangu aende kando kabisa, karibu na ukuta, awapungie mkono wapite mmoja mmoja. Mtangazaji akasema huenda gari lina tatizo.

"Halina," nikamwambia mama aliyekaa kando yangu. "Tatizo limekaa hapa, linanyonyesha."

Alimaliza wa mwisho, na shokapu zikabaki zake. Kabla hatujaondoka aliziuza kwa dereva wa daraja la mbio za wenye pesa, ambao hawana sheria hiyo. Hasara ilikuwa ndogo, na hiyo tuliikata kwenye pesa yake ya matairi. Karo nililipa mwenyewe, kwa simu, ndani ya gari, yeye akiendesha.

Tulipokaribia nyumbani akauliza, "Lakini ile rangi uliitoa na nini?"

"Na kile kitu cha jikoni ambacho kila nikikuomba uoshe sufuria, unasema hujui kiko wapi."