Pumzi Zilizohesabiwa Dakika Nzima

Baba yangu ni mtu wa Malindi ya zamani. Ukimuuliza hali, atakujibu hajambo, alhamdulillahi, hata kama ameshika ukuta asianguke. Mwaka juzi adabu hiyo nusura imwondoe duniani.

Alikuwa amelazwa kwa kidonda cha mguu. Ana ugonjwa wa sukari, na kile alichokiita mkwaruzo kilikuwa kimevimba hadi kwenye kifundo. Siku ya pili asubuhi daktari alimpitia, akasema anaendelea vizuri. Nikatulia, nikaketi kando ya kitanda kummenyea chungwa.

Muuguzi wa zamu alikuwa binti aliyeniambia kwao ni Kakuyuni. Kila alipokuja alipima joto, presha, mapigo ya moyo na hewa mwilini, kisha akamwekea Baba mkono begani na kutazama saa yake dakika nzima, akihesabu pumzi. Kila kipimo kilikuwa na alama zake kwenye karatasi. Kikiwa sawa, sifuri. Kikienda kombo, alama hupanda. Mwisho alizijumlisha. Asubuhi Baba alipata moja. Saa nne akapata tatu, na binti akasema atarudi mapema kuliko kawaida.

Alirudi baada ya adhuhuri, Baba amesinzia. Niliudhika.

"Sista, si umwache apumzike?"

"Nitamwacha, dada. Kidogo tu." Akainama. "Shikamoo, baba. Waonaje hali?"

Baba akafumbua macho. "Marahaba, mwanangu. Sijambo, alhamdulillahi."

Akapima. Akahesabu pumzi, akazihesabu tena. Jumla ilikuwa saba.

"Si umemsikia?" nikamwambia. "Amesema hajambo."

"Nimemsikia. Lakini anapumua mbio, na presha imeshuka. Alama zikifika tano sina ruhusa ya kungoja. Lazima daktari aje."

Alipiga simu. Akajibiwa kwamba daktari yumo chumba cha upasuaji, na kwamba mgonjwa huyo alionwa asubuhi. Hakubishana. Alimvisha Baba barakoa ya oksijeni, akamwita mwenzake akae naye, akaenda kwa miguu yake hadi mlango wa chumba cha upasuaji, karatasi mkononi. Mwenzake alinisimulia baadaye aliyoyasema pale: "Asubuhi moja, sasa saba. Naomba aje mtu sasa hivi."

Daktari mwingine akaja, bado amevaa kofia ya upasuaji. Alifungua bandeji, akakikagua kidonda. Kisha akanieleza kwamba uchafu wa kidonda umeingia kwenye damu. Wakamtundikia dripu mbili na kumbadilishia dawa, na kabla ya alasiri wakampeleka kufunguliwa mguu watoe usaha. Nilibaki kwenye benchi nje ya wadi nikisoma dua, na katikati ya dua nikikumbuka jinsi nilivyomkunjia uso yule binti.

Walimkata kidole kimoja. Mguu ukabaki, na Baba akabaki.

Siku ya nne, alipoweza kunywa uji mwenyewe, nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Tangu alfajiri ya siku ile nilikuwa natetemeka," akaniambia. "Nilichelea kukutia wasiwasi."

Sikujua nicheke au nilie; nikafanya yote mawili. Kisha nikamtafuta muuguzi kumwomba radhi. Nilimkuta anakunja mashuka.

"Usijali, dada," akasema. "Mama yangu ni vivyo hivyo. Akisema amechoka kidogo, sisi hutafuta gari."

Nilimwambia kwamba maisha ya Baba ameyaokoa yeye. Akatikisa kichwa. Akamtaja mama mmoja, mkubwa wao kazini aliyekwisha kustaafu, aliyekuwa akisimama nyuma ya wanafunzi kuhakikisha pumzi zinahesabiwa kikweli, si kwa kukisia. Mama huyo simjui hata kwa sura, lakini namtia katika dua zangu.

Binti mwenyewe sasa anafanya kazi Mtwapa. Kila Idi Baba huniambia nimpigie. Humwombea dua ndefu kwenye simu, baraka juu ya baraka, na yule binti, ambaye ni mtu wa kanisa, huitikia amina kila Baba anapopumzika.